Pweza wa Fulana Hataki Kuonekana

Jumatano asubuhi, kwenye benchi la kijiwe cha nyuma ya soko, Bagamoyo, kahawa ya Twalib ilikuwa imepoa mkononi, na Twalib si mtu wa kupoza kahawa. Keshokutwa, baada ya swala ya Ijumaa, kijiwe kinakwenda Kaole kwenye mashindano ya bao, naye kwa mdomo wake mwenyewe alishamtambia shemeji yake Sadallah wa huko kuwa safari hii wanakuja na sare. Mwaka jana walikwenda kila mtu na shati lake, wenyeji wakawadhania wamekuja msibani, wakawapa pole. Sare yenyewe ni fulana ya kijivu, kifuani pweza aliyeshika kete, mchoro wa mpwa wake Mina. Sasa Nadhira wa duka la kuchapa fulana ametuma ujumbe wa sauti, na Twalib akauweka benchi zima lisikie.

“Mjomba Twalib, picha imevunjika. Pweza anaonekana kama kisamvu. Nileteeni mchoro wa asili. Halafu, hiki kidole nacho ni nembo?”

Twalib akawageukia wenzake wawili: Mwinyimvua muuza vocha, anayeitwa Mitandao, na Ashrafu, aliyekuwa tingo wa malori ya Chalinze, mazungumzo yake yote ni ya kupima mizigo barabarani, ndiyo maana anaitwa Mizani.

— Kidole cha nani?

— Changu, Mitandao akakiri. Ulimtumia Mizani ampelekee Nadhira, bando likamwishia. Nikakipiga picha kioo cha simu yake kwa simu yangu.

— Na kidole kinatafuta nini?

— Nashikilia simu isiteleze! Na wahenga wamesema kidole kimoja hakivunji chawa. Tazama vizuri, viko viwili.

Twalib akaitazama picha kwenye simu ya Mitandao. Kweli viwili. Pembeni yake kulikuwa na saa, na betri ya Mizani ikiwa asilimia nne. Roho ikamuuma.

— Hamjui picha nyinyi, Mizani akadakia. Picha ni mzigo. Pweza wa Mina alikuwa na mikono minane, mzigo umezidi, wamempunguza njiani.

— Wamempunguza nani?

— Hao wa mnarani, huko juu. Lori likizidi uzito si unashusha magunia? Basi mikono mitatu imebaki njiani.

— Uongo! Mitandao akang'aka. Mchana kila mtu anatuma picha za harusi, zinasuguana humo mtandaoni. Tutume alfajiri, mtandao haujaguswa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Tutainamaje na mnara uko juu?

Mitandao akanywa kahawa. Mizani akaona uwanja mweupe.

— Nimeshajua! Pweza kazi yake nini baharini? Kujificha. Akikaa juu ya jiwe, anageuka jiwe. Huyu kaonyeshwa fulana ya kijivu, kajigeuza kijivu! Apigwe picha amelala, hatajigeuza.

— Mchoro unalalaje, Mizani?

— Ukikunja karatasi.

Twalib alitamani kulia. Hapo akatokea Nadhira mwenyewe, kompyuta kwapani.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Nimechoka kungoja. Nimekwenda kwa Mina nikaupiga picha mchoro wenyewe, barazani, kwenye mwanga. Vidole nimeacha nyumbani.

Akafungua. Pweza huyo, mikono yote minane, macho makali, kila kete inahesabika. Twalib akamshukuru Mungu kwa sauti. Kaole watamtambua!

— Yamebaki majina na vyeo vya mgongoni, Nadhira akasema. Nachapa kabla ya adhuhuri. Kocha?

— Mimi, Twalib akajibu.

— Meneja, Mitandao akanyoosha mkono.

— Daktari wa timu, akasema Mizani.

— Bao lina daktari?

— Watu wanaumia roho, binti.

Nadhira akaandika.

— Haya. Na anayecheza ni nani?

Twalib akamtazama Mizani. Mizani akamtazama Mitandao. Mitandao akatazama ndani ya kikombe. Aliyewachezea mwaka jana alihamia Msata tangu mfungo, na wiki nzima ya maandalizi hakuna aliyemkumbuka.

Muuza kahawa akaanza kukusanya vikombe.

— Nadhira mwanangu, Twalib akasema taratibu, wewe bao unalijua?

— Kidogo. Babu alinifundisha.

— Fulana unavaa saizi gani?