Zamu ya Sindano

Benchi letu liko Bertrams, hapa Joburg, mbele ya kibanda cha Octave, fundi cherehani kutoka Bukavu tunayemwita Sindano. Chiku wa Tanga huleta birika la kahawa kila Jumamosi asubuhi. Sote tumo katika kikundi kimoja cha maombi kinachozunguka nyumba kwa nyumba, na sheria yake kwa mwenyeji ilipoanza ilikuwa fupi: ugali, mboga moja, chai. Kisha Mama Wamaitha akaongeza chapati, eti kwa ajili ya watoto. Aliyefuata akaongeza kuku. Jumamosi iliyopita Kiplagat, tunayemwita Benki kwa sababu ya kazi yake, akachinja mbuzi na kukodi hema. Leo saa kumi jioni ni zamu ya Sindano, mwenye chumba kimoja Jeppestown, na tangu asubuhi hajashona hata kifungo.

— Mi naahirisha, alisema Sindano. Chumba kimoja, bantu kumi na mbili, na nyuma ya pazia iko familia ya Gaël, mwenye tunagawana chumba. Nitabaweka wapi? Nasikia haya, kweli.

— Sema umeme umekatika, akashauri Exaucé, mlinzi ambaye kwetu ni Geti. Hapa Joburg nani atabisha?

— Watakuja na mishumaa, alisema Chiku. Hawa gizani ndiyo wanaimba zaidi.

— Basi sema chumba kina kunguni.

— Wamaitha atakuja na dawa ya kupulizia.

— Basi tangaza mfungo! Siku tatu! Mfungo nani atapinga?

— Na wewe Geti utafunga?

— Mimi niko zamu kazini.

Benki akaweka kikombe chini.

— Buda, wacha uoga. Nitakuletea ile hema.

— Utaipiga wapi? Kwenye ngazi za ghorofa ya nne?

— Si kwa paa? Watu wapande na lifti.

— Lifti ilikufa zamani, mbele mimi nifike hii inchi.

— Basi mbuzi apandishwe na kamba! Geti alikuwa amesimama kabisa. Tunachoma huko juu, moshi unafika Ellis Park, watu wanafikiri kuna mechi!

Nilicheka, lakini kwa aibu. Zamu yangu ilipofika mwezi wa tano nilisingizia bomba limepasuka, na hadi leo naulizwa kama limepona.

Sindano hakucheka.

— Kule Bukavu mama alipokea bantu na bukari na sombe, ugali na majani ya muhogo tu. Hakuna mutu alisema kitu. Hapa mumeanza mashindano.

Hapo akatokea Héritière, msusi, ambaye ana majuma matatu tu kikundini. Akatusalimia mmoja mmoja, akapokea kahawa.

— Juma lililopita nilikuwa nasuka bibi-harusi, sikufika kwa papa Kiplagat. Mulisoma neno gani? Nataka nilisome mbele ya maombi ya leo.

Geti akakuna kidevu.

— Ilikuwa... mbuzi alikuwa laini sana.

— Kachumbari ilizidi pilipili, alisema Chiku.

— Mi nauliza neno.

Nikatafuta kichwani nikakuta mifupa tu. Tukamgeukia Benki, maana ndiye aliyekuwa mwenyeji. Akatoa simu haraka haraka na kuanza kupekua picha. Mbuzi mzima. Mbuzi kwenye moto. Hema kwa mbele, hema kwa nyuma. Biblia ilionekana mara moja tu, mezani, imewekewa sahani juu.

— Eish, akasema.

Chiku akainamisha birika, likatoa tone moja. Sindano akatutazama wote, kisha akaanza kutabasamu, mara ya kwanza tangu asubuhi. Akafunga kibanda, akatia ufunguo mfukoni.

— Unaenda wapi? aliuliza Geti.

— Kutafuta sombe. Saa kumi, mukuje wote. Viti sina, mutakaa chini.

— Nije na nini? aliuliza Benki kwa sauti ndogo.

— Biblia, alisema Sindano. Sahani utazikuta.