Kikapu Kinaoza?

Nyuma ya wauza kabeji pale soko la Gakoromone, Meru, pana ubao mrefu uliokuwa mlango wa nyuma wa lori, umelazwa juu ya mawe mawili, na mawe yenyewe hayalingani. Ukikaa upande wa juu unateleza taratibu mpaka umbane jirani, ndiyo maana mabishano ya hapo huwa ya karibu sana. Wenyeji wanapaita Kamati, kwa kuwa wajumbe hukaa siku nyingi na ripoti haitoki. Anayewauzia kahawa ni Kithinji, Birika kwa jina la kijiweni, aliyejifunza kuchemsha kahawa chungu ya tangawizi huko Isiolo akarudi nayo Meru, ambako watu wanapanda kahawa tangu enzi za babu zao na wanakunywa chai. Siku hiyo ya soko, mwaka wa pili tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, Kamati ilikuwa na ajenda moja tu, nayo ni karatasi iliyokunjwa mara nne mkononi mwa Ciakuthii.

Ciakuthii, au Mama Kawira kama walivyomwita hapo, hakuwa mjumbe. Alikuwa msusi wa vikapu, yaani viondo, kutoka Mikinduri, kiongozi wa kikundi cha wanawake kumi na watano, na alikaa pale kwa sababu miguu ilimuuma na vikapu vyake vilikuwa vimetundikwa hatua tatu tu kutoka ubaoni. Kila kikapu kilikuwa na kijikaratasi chenye picha ya jani la kijani. Jani hilo lilitolewa na shirika moja la Nairobi kuonyesha kwamba bidhaa haichafui mazingira, na bila jani lile duka la watalii lililokuwa likiwanunulia halingechukua hata kikapu kimoja. Sasa shirika lilikuwa limebadilisha masharti. Anayetaka kubaki na jani ajaze fomu mpya na kuipeleka kabla ya saa kumi kwa ofisa aliyekuwa akingoja kwenye ukumbi wa kanisa. Ciakuthii alikwisha jaza jina, simu na idadi ya wanachama. Lilibaki swali moja, na hilo lilimkausha mate.

— Hebu isome tena, alisema Kamusi.

Kamusi ni Riungu, mwalimu mstaafu aliyefundisha jiografia miaka thelathini, na tangu astaafu hajawahi kukutana na jambo asilolijua.

— "Bidhaa yako inaoza? Ndiyo au La."

— Si hiyo ni rahisi! alidakia Giza.

Giza ni Muthamia, dalali wa miraa, na jina amelitoa kwenye aina ya miraa anayouza. Kiswahili chake alikiokota barabarani, kati ya mji wa Maua na Nairobi, na hakurudi kukisafisha.

— Weka Ndiyo, Mama Kawira. Inaoza kabisa! Huku kwetu umeona msichana gani ameozwa bila kiondo? Mama analeta kiondo, shangazi analeta kiondo, hata jirani mwenye hakuitwa analeta kiondo. Hiyo kitu imeoza wasichana wengi kuliko padre.

Birika alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kiatu.

— Kuoza, Muthamia! Kuoza! Kamusi alipaza sauti kama yuko darasani. Kuharibika! Nyama inaoza. Kabeji hizo mbele yako zinaoza.

— Na msichana anaozwa. Ni neno moja ama ni mbili?

— Ni mawili.

— Yanaandikwa tofauti?

Kamusi alichovya mdomo kwenye kikombe.

— Yanaandikwa sawa, alikiri. Lakini mtu wa mazingira akiandika kuoza hafikirii harusi.

— Basi huyo ni bachela.

Ciakuthii naye alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Alijua vizuri kuoza kunakoulizwa ni kupi, na jibu lake alikuwa nalo tangu fomu ifike. Vikapu vyake vilisukwa kwa uzi wa nailoni. Miaka kumi na mmoja sasa, yeye na wenzake walikuwa wakikusanya magunia ya sukari na ya mbolea yaliyotupwa, wakayaosha, wakayafumua uzi mmoja mmoja, wakautia rangi na kusuka. Fomu ya kwanza iliwauliza, "Bidhaa yako inapunguza taka?" Akaweka Ndiyo bila kupepesa jicho. Ofisa wa wakati ule alimshika mkono akamsifu mbele ya watu, kwa kuwa magunia yaliyokuwa yakiziba mitaro ya Mikinduri yalikuwa yamegeuka vikapu vya kupendeza.

— Walitupatia jani kwa sababu ya gunia, alisema. Leo wanatunyang'anya kwa sababu ya gunia. Na gunia ni ile ile. Sasa mimi nilikosea wapi?

Hakuuliza kwa kubishana. Lilikuwa limemuuma kweli, kwa maana siku ile hakudanganya.

— Hukukosea, alisema Kamusi, na safari hii alisema taratibu. Kiwango kimepanda. Zamani walikuwa wanaangalia taka ikitoka mtaroni, wakafurahi. Sasa wanauliza ikitoka hapo inaenda wapi. Hata kitabu cha jiografia nilikuwa nabadilishiwa. Mwaka huu mlima una barafu nyingi, mwaka ule imepungua, na mwalimu ni yule yule.

— Mwalimu alifukuzwa?

— Hapana.

— Basi wewe ulikuwa na bahati, alisema Ciakuthii.

Kamusi hakupenda kuachwa hapo. Alijikohoza, akasogea, ubao ukamtelezesha mpaka kwenye bega la Giza.

— Lakini tusikate tamaa. Tuendeni kisayansi. Gunia la nailoni linatokana na nini? Mafuta. Mafuta yanatoka wapi? Chini ya ardhi. Huko chini yalikuwa nini? Viumbe vya kale, vilivyokufa vikaoza. Kwa hivyo gunia ni kitu ambacho kilishamaliza kuoza! Huwezi kumwambia maiti afe tena. Weka Ndiyo. Maji yakimwagika hayazoleki.

— Hiyo methali inaingilia wapi? aliuliza Birika.

— Inaingia popote penye mafuta.

— Mimi siongei vitabu, naongea ground, alisema Giza. Mbuzi wa huku mtaani wanakula gunia kila siku, na wako sawa. Wazee walisema mbuzi hula urefu wa kamba yake. Umesikia? Hawakusema nyasi. Walisema kamba! Walikuwa wanajua. Sasa kamba ikiingia kwa tumbo ya mbuzi inatoka mbolea, na mbolea ni kitu imeoza. Andika: inaoza kupitia mbuzi.

Birika alijaza vikombe, akaweka chombo chini, na ikajulikana kuwa yeye pia ana hoja.

— Nyinyi mnahangaika bure. Hilo swali halijataja muda. Halijasema inaoza kwa mwaka ama kwa miaka elfu. Kuna kitu hakiozi? Hata hii Kamati itaoza. Hata huo mlima. Siku ya mwisho kila kitu kitarudi mavumbini, na gunia ya sukari haiwezi kubaki peke yake mbinguni. Kwa hivyo ni Ndiyo, na ushahidi ni Biblia nzima.

— Amina, alisema Giza.

— Kamati imepitisha, alisema Kamusi, akatoa kalamu mfukoni na kumpa Ciakuthii kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza ripoti ilikuwa imetoka.

Ciakuthii aliishika kalamu. Aliwapenda watu hawa, kwa upuuzi wao wote, maana kila mmoja alikuwa akimtafutia njia ya kutokea. Na njia aliitaka. Hakujifikiria yeye mwenyewe hata kidogo, alimfikiria Cicily. Cicily ni mjane, mkubwa kuliko wote kikundini, na utomvu wa mkonge humtia vidonda mpaka kwenye viwiko. Zamani, wakisuka kwa mkonge, Cicily alikuwa akikaa pembeni tu na kuwapikia wenzake chai. Ni gunia lililompa kazi, na bila jani wangelazimika kurudi kwenye mkonge.

— Nikiandika La, nimemfukuza Cicily kwa kalamu, alisema.

— Ndio maana tunakuambia, alisema Giza, sasa bila mzaha. Weka Ndiyo. Hakuna mtu atazika kiondo halafu arudi kuchimbua aangalie.

Ncha ya kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi kwenye kisanduku cha Ndiyo, pakabaki nukta ndogo ya wino, wakati mwanamke mzee aliposimama mbele ya vikapu. Alikuwa amebeba mgongoni gunia dogo la ndengu, na vumbi jekundu la miguuni lilionyesha ametoka mbali.

— Hamjambo watu wa hapa.

— Hatujambo, cucu. Karibu kahawa, alisema Birika, maana kila bibi hapo huitwa cucu.

— Hiyo nyeusi hivyo? Hapana, mwanangu, ahsante. Mimi naitwa Wambeti, nimetoka Mbeere na ndengu zangu. Naoza mjukuu Jumamosi, nataka kiondo cha kumpa.

Giza alifungua mdomo kwa furaha. Kamusi alimkanyaga mguu.

Ciakuthii aliinuka na kumtundulia kile kizuri zaidi, chenye mistari myekundu na ya zambarau. Mzee alikivuta huku na huku, akakipiga ngumi, akakinusa.

— Ni kigumu, cucu. Hakikatiki. Hata akikivuta miaka ishirini.

— Naona. Ni uzi ya gunia?

— Ndiyo.

— Imesukwa vizuri sana. Mzee alikigeuza akatazama kitako chake. Na kikizeeka, atakitupa wapi?

Ciakuthii alikitazama kitako naye.

— Nauliza tu, aliendelea Wambeti. Kile cha mama yangu kilipozeeka tulikitupa kwa shamba, hatukukiona tena. Hiki tutatupa wapi? Kwetu ni mbuzi. Mwaka jana mmoja alifura tumbo akakufa. Tulipompasua tukatoa mpira wa nyuzi, ukubwa kama kichwa ya mtoto. Na rangi haikuwa imetoka. Nyekundu ilikuwa bado nyekundu.

Giza aliangalia ndani ya kikombe chake.

— Mnaweza kukichoma, alisema Birika bila nguvu.

— Moshi wake tunavuta sisi.

— Ama choo, alisema Giza.

— Choo tunachimba kwa mwamba, mwanangu. Kikijaa hakuna kingine.

Wote walimgeukia Kamusi. Alikuwa na miaka thelathini ya jiografia, mito, tabaka za dunia, pepo zote na majina yake. Akanyoosha kikombe. Birika alijaribu kuwaokoa kwa kuwaongezea kahawa, lakini birika ilitoa matone matatu, kisha mashapo.

Wambeti alikirudisha kikapu mahali pake kwa uangalifu, akakinyoosha mpini, akashukuru na kuanza kwenda. Ciakuthii alibaki amesimama. Wateja wa kuangalia na kuondoka aliwazoea, lakini huyu alikuwa amekipenda kikapu na kukiacha, na alikuwa na haki. Aliona aibu, na haikuwa aibu ya kuonekana na watu. Akakaa, akaiweka fomu pajani, akatia alama kwenye La. Chini yake palikuwa na mstari wa maelezo. Aliandika: "Haiozi. Tumeulizwa pa kuitupa, hatujui."

— Mama Kawira, umejimaliza, alisema Kamusi.

— Nimejibu swali, mwalimu.

— Na Cicily? aliuliza Giza.

— Sijui. Ciakuthii alimrudishia Kamusi kalamu yake. Nitaenda kwake leo nimwambie nikiwa nimekaa, nikimwangalia macho. Lakini sijui nitamwambia nini.

Kisha akainuka ghafla akaita mpaka wauza kabeji wakageuka.

— Cucu! Cucu wa ndengu! Makonge kwenu bado iko?

Wambeti alisimama.

— Iko kwa mipaka ya shamba. Mingi. Nani anataka siku hizi?

Alirudi, akaushusha mzigo. Mdomo wa lile gunia la ndengu ulikuwa umefungwa kwa nyuzi za mkonge, nyeupe, zisizosokotwa. Akachomoa chache akampa.

Ciakuthii alikaa kwenye ncha ya ubao. Akalipandisha rinda juu ya goti, akazilaza nyuzi pajani, kama mama yake alivyomfundisha, maana hakuna mashine inayoujua mkonge kuliko paja la mwanamke. Wajumbe wa Kamati, bila mtu kutoa hoja wala kuungwa mkono, waligeuka wote watatu wakazitazama kabeji. Kamusi aliunyoosha mkono wake nyuma, uso bado uko mbele.

— Nipe hiyo fomu. Saa tisa imepita, na wewe huwezi kukimbia. Nitaipeleka mimi.

Akapewa, akaenda zake wima, hakuangalia pembeni.

Ciakuthii alitia mate kiganjani, akasukuma nyuzi mbele, akazivuta nyuma. Kwa miaka kumi na mmoja ngozi ile ilikuwa imekaa bure, ikalainika. Mkonge uliikwaruza, pakatokea mstari mwekundu, pakawaka. Uzi uliotoka ulikuwa mnene huku, mwembamba kule, na katikati ulifunguka.

Wambeti aliinama akautazama kwa karibu.

— Mbaya, alisema.

— Najua, alisema Ciakuthii, akamsogezea nafasi ubaoni. Kaa hapa, cucu. Nionyeshe.