Mti wa Mbele Kulia

Mwaka ule Keya, vijana wetu waliokuwa askari wa Mwingereza, waliporudi kutoka vitani Burma, benchi la Twalibu muuza kahawa, pale Kanyenye, lilikuwa na maneno mengi kuliko kahawa. Mwenye kidonda nilikuwa mimi, Hilari. Miaka yote ya vita, kwenye maandamano ya Sakramenti, mimi ndiye niliyeshika mti wa mbele kulia, kati ya ile minne inayobeba kitambaa cha dhahabu kinachomfunika Padre. Jumapili hii inayokuja mti wangu kapewa Raymundi, askari, kifua kimejaa nishani. Wivu uliniunguza hata kahawa ikanishinda.

— Mimi nilikataa vita kwa ajili ya amri ya tano, nikasema. Usiue! Yeye kaua, na Jumapili anashika mti!

— Si mnasema kaungama? akauliza Twalibu, mtu wa msikitini.

— Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni. Kaingia, katoka! Mimi kwa kugombana na shemeji tu nikapewa kitubio cha rozari nzima.

Masolwa, tuliyemwita Gazeti kwa kuwa habari hazimpiti, akasogeza kikombe.

— Hujui kitu. Vita vikianza, amri ya tano inakwenda likizo. Mjerumani ana padre, Mwingereza ana padre, na wote wanabariki bunduki.

— Na Mungu ananyamaza?

— Anasema amani, ila kwa Kilatini. Koplo gani anajua Kilatini? Tena nasikia hata mbinguni Keya wametengewa kambi yao, na bendi.

— Na sisi tuliokaa na amani?

— Nyie mtawapigia saluti.

Benchi zima likacheka. Nilikuwa bado nimenuna Raymundi alipotokea upande wa soko, shati tupu, hana hata nishani moja.

— Kaka Hilari, nimekutafuta mpaka Kitete. Nimemwomba Padre akurudishie mti. Mikono yangu hii, siwezi.

Moyo ukaniruka kwa furaha. Nikaanza kucheka.

— Ila niambie, kaka. Jioni mlipokuwa mkisali rozari ya amani, mlikuwa mnanitaja?

Nikamtazama Masolwa. Masolwa akatazama ndani ya kikombe chake. Tuliiombea Ulaya, tuliwaombea mapadre waliofungwa, tuliomba na mvua.

Twalibu akasogea kumpa nafasi, akainamisha dele la kahawa. Halikutoa hata tone.

Mti wangu nilikuwa nimeupata. Raymundi alikuwa bado amesimama, anangoja jibu.