Lukas Ndunguru na Mbuzi wa Mkono wa Kuume

Wapendwa katika Bwana, ndugu na majirani wa Darsait hapa Maskati, mwanadamu huchanua kama ua na kukatwa, na leo amekatwa Lukas Ndunguru, ambaye maisha yake ninayasoma mimi dada yake, Evodia, kwa niaba ya familia, kabla mwili haujasafirishwa nyumbani.

Marehemu alizaliwa Lituhi, kando ya Ziwa Nyasa, tarehe 14 Machi 1979, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1987 hadi 1993, akajifunza useremala Songea, na tarehe 8 Julai 2006 akafunga ndoa takatifu na Stefania, wakajaliwa binti mmoja, Theodora, ambaye sauti ya baba yake ameijua zaidi kwa simu.

Mwaka 2013 alikuja Maskati, akaajiriwa Ruwi katika duka la fremu za picha la Bwana Sinan, na huko zililetwa kutiwa vioo katuni za kale za Kiingereza, zilizochongwa enzi za Malkia Viktoria, zenye mawaziri wenye masikio ya punda na wabunge wanaogombea mfupa, naye akazitazama kama mtu asomaye Amosi, akisema kwamba nabii akinyimwa mimbari hushika patasi, akajifundisha kuchonga picha kwenye ubao na kuuchapa kwa wino karatasini.

Mwaka 2022 Joweria, binti wa Uganda, alikimbia nyumba alikofanya kazi, pasipoti yake ikazuiwa na mwajiri, na mwenyekiti wa jumuiya yetu, Bwana Godfrey, akaogopa kumsemea. Lukas akachonga Siku ya Hukumu, kondoo kuume, mbuzi kushoto, na mbuzi wa mbele akampa miwani na kitambi cha mwenyekiti, lakini kwa hasira akasahau kwamba ubao huchapa kinyume, hata karatasi zilipogawanywa baada ya ibada, mbuzi wote walikuwa mkono wa kuume wa Bwana, na Joweria, machozi yakimtoka, akacheka: “Kaka Lukas, mbona umewaingiza mbuzi mbinguni?”

Hatusemi kwamba kunyamaza kule hakukuwa dhambi, kulikuwa dhambi, naye Godfrey aliungama mbele ya kanisa, akafuatana na Joweria ubalozini hadi pasipoti ikapatikana, ila Lukas hakumpa mkono, akaanza kuchonga ubao wa pili ili mbuzi warudi kushoto, nasi tukahofu kwamba ndugu yetu atasimama mbele za Mungu na kinyongo chake.

Agosti 2024 figo zake zilishindwa kufanya kazi, na aliyempeleka hospitali kusafishwa damu alikuwa Godfrey, akivuka milima kutoka kwake Al Amerat, akimbeba mgongoni kwenye ngazi za fleti niliyokaa naye, mgonjwa akitazama dirishani njia nzima, hadi siku moja ya Januari alipomshika mkono mbele yetu, akasema, “Mwenyekiti, mimi nilikuweka kushoto, Bwana akageuza. Ni nani mimi nichonge tena?”

Ubao ule haukumalizika, naye alifariki dunia Jumanne, tarehe 11 Februari 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa dini zote waliotupikia, Bwana Sinan na wafanyakazi wenzake marehemu waliofunga duka ili walie nasi, na Bwana Godfrey, atakayelisindikiza jeneza hadi Lituhi.

Lukas, mwana wa mama yangu, amani uliyoipokea ukingali hai, pumzika ndani yake.