Kitabu Kilichopimwa Bila Viti

Mheshimiwa Ofisa Elimu, mgeni wetu rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wangu wote, na kwa namna ya pekee Mwalimu wa Maktaba, ambaye tangu jana hajaweza kutulia kwa furaha, ndugu waandishi mliotuamini na vitabu vyenu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzangu, na babu yangu, aliyeniagiza nyumbani nisimtaje, na ambaye nitamtaja mara kadhaa: habari za asubuhi.

Nimepewa heshima ya kusema machache kwa niaba ya Kamati ya Wasomaji, ambayo mimi ni katibu wake, siku hii tunapofungua Rafu ya Waandishi Wanaojitegemea. Nimefundishwa kwamba hotuba nzuri huanza kwa utulivu. Nimejaribu. Tangu alfajiri nimejaribu. Lakini mtu atatuliaje mbele ya rafu yenye vitabu thelathini na vinne ambavyo mwaka jana hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba vipo duniani?

Mwandishi anayejitegemea ni nani? Ni mtu aliyeandika kitabu chake baada ya saa za kazi, akakipeleka mwenyewe kwa mchapaji, akakibeba mwenyewe kwenye begi, na akaanza mwenyewe kutafuta wa kukisoma. Hana kampuni nyuma yake. Mara nyingi ana boksi nyuma ya mlango.

Yote haya yalianza na tangazo. Mwalimu wa Maktaba alichoka kutuona tukiazima vitabu vilevile hadi kurasa zikawa laini kama kitambaa, akabandika karatasi kwenye duka la vifaa vya shule, kwenye zahanati na kwenye geti letu: "Umeandika kitabu? Tuletee nakala. Tutakisoma na tutakuambia ukweli." Tulitarajia viwili. Wiki ya kwanza vilikuja kumi na kimoja! Daktari wa meno alileta hadithi ya watoto kuhusu jino lililokataa kung'oka. Dereva wa lori alileta kumbukumbu zake za barabarani, na mpaka leo kitabu chake kinanukia dizeli. Mkunga mstaafu alileta riwaya ya watu wazima, ambayo Mwalimu wa Maktaba aliichukua ofisini ili, kwa maneno yake, aikague. Siku hiyo mapumziko yalidumu dakika hamsini, kwa sababu anayeshika zamu ya kengele ni yeye. Mama mkunga, kutoka kwa wanafunzi wote, ahsante sana.

Lakini ukweli tuliouahidi tungeupataje? Kumwambia mtu mzima "kitabu chako kizuri" ni rahisi, hata kama umelala ukurasa wa tatu. Ndipo mwalimu wetu akatufundisha kipimo chake cha tangu ujana. Wasomaji watano husimama katikati ya maktaba. Mmoja anasoma kwa sauti kuanzia ukurasa wa kwanza, wengine wanasikiliza, na katibu anaandika. Hairuhusiwi kutaja viti. Hairuhusiwi kutazama viti. Kitabu kikiwa dhaifu, utaona watu wanabadilisha miguu, wanakuna shingo, wanachungulia dirishani. Kikiwa kizuri, inafika mahali mtu anavuta kiti na kukaa bila kujua kwamba amekaa, kama mtu aliyeamua kuwa leo haendi popote. Watatu wakikaa kabla ya dakika kumi, kitabu kimepita. Jino la daktari lilikalisha wote watano ndani ya dakika nne.

Sasa nafika mahali ambapo, kama ningekuwa naandika tu, ningegeuza ukurasa haraka.

Alikuja mama mmoja aliyevaa sare ya idara ya maji, buti zenye matope na tochi kiunoni. Kazi yake ni kusoma mita za maji nyumba kwa nyumba, na mtaani kwetu kila mtu humwita Msoma Mita. Alileta nakala tano za kitabu chembamba kuhusu mbwa wote aliowahi kukutana nao kwenye mageti ya watu. Alisema, "Sijui ni cha watoto au cha wakubwa. Nyinyi mtaniambia." Akaondoka haraka, kama mtu aliyeacha mtoto shuleni siku ya kwanza.

Tulikipima Alhamisi. Tulikuwa makini kupita kiasi. Dakika kumi zilipita, hakuna aliyekaa. Sifuri kwa tano. Mimi, kwa mwandiko wangu bora, niliandika barua: "Tunasikitika kukujulisha kwamba kitabu chako hakikumkalisha mtu yeyote." Mnajua nilijisikiaje nilipomaliza sentensi hiyo? Niliipenda. Niliisoma mara mbili.

Msoma Mita alikuja Jumatatu. Aliisoma barua akiwa amesimama mlangoni, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati, pale anapoweka kalamu. Akasema, "Asante, mwanangu. Una mwandiko mzuri." Akachukua nakala zake nne. Ya tano ilikuwa imesahaulika kwenye mkoba wangu.

Nyumbani kitabu kile kilipotea siku hiyohiyo. Nilikitafuta kila mahali, mpaka nikasikia kicheko ukumbini.

"Babu, umekiona kitabu changu?"

"Kitabu gani?"

"Hicho ulichokalia."

"Mimi nimekalia kiti."

"Babu, simama."

"Magoti," akasema Babu, na mdogo wangu wa kike, mwenye miaka sita, akaanza kucheka mpaka akaanguka. Kumbe walikuwa wanasomeana. Babu anasoma, mdogo wangu anabweka. Walikuwa wamefika mbwa wa tisa, na Babu aliapa kwamba huyo wa tisa anamfahamu kwa sura.

Nikawaambia kwa sauti ya katibu kwamba kitabu hicho kilishindwa kipimo. Babu alinitazama juu ya miwani.

"Kilishindwaje?"

"Hakuna aliyekaa."

"Siku gani?"

"Alhamisi."

"Alhamisi ipi? Ile ya mitihani?" Babu ni fundi seremala mstaafu, na nusu ya viti vya shule hii vimepita mikononi mwake. "Mjukuu wangu, Alhamisi ile viti vyote vya shule vilikuwa kwenye ukumbi wa mitihani. Mimi mwenyewe niliitwa kugongomea miguu ya viwili. Sasa hao watu wako walitaka wakalie nini? Adabu yao?"

Ndugu wageni waalikwa, nilikimbilia daftari la Kamati. Naomba niwasomee nilichoandika kwa mkono wangu: "Msomaji wa pili ameegemea ukuta na kuteleza taratibu hadi chini. Msomaji wa tatu amechuchumaa. Msomaji wa nne amekalia ndoo." Hapo kwenye ndoo nilipiga mstari, nikaandika pembeni: "Ndoo si kiti." Na chini kabisa: "Katibu amepiga magoti ili kuandika vizuri." Kuandika vizuri! Nilikuwa nimepiga magoti kwa sababu mbwa wa tatu alikuwa amemfungia Msoma Mita bafuni kwa watu, na miguu yangu ilikuwa imesahau kazi yake!

Ningempata wapi? Hakuacha namba ya simu. Nilijua jambo moja tu, kwamba kwetu mita husomwa kati ya tarehe kumi na nane na ishirini. Siku hizo tatu nilifagia mbele ya geti mpaka mama akaniuliza kama kuna posa inakuja. Siku ya tatu nikaziona buti.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mbwa yupo?"

"Hatuna mbwa, mama."

"Kila mtu husema hivyo," akasema, akasogea kwa ubavu.

Nilimweleza kila kitu: viti, mitihani, ndoo. Nilimwomba radhi. Alisikiliza huku ameinamia mita, akaandika namba zake, akafunga kifuniko. Kisha akaniambia kwamba zile nakala nyingine ziko jikoni, zimeinua friji, maana kwake maji hujaa mvua ikinyesha. Akaniambia kwamba alikuwa na kitabu kingine, kimekamilika, kiko ndani ya bahasha. Na kwamba baada ya barua yangu aliamua asikipeleke kwa mchapaji, wala asiandike kingine.

Nilisema, "Tulete viti, tukipime upya."

"Hapana, mwanangu. Sasa mtakaa kwa kunihurumia. Mimi kazi yangu ni kuzijua mita zilizochezewa."

Nilimfuata na ufagio mkononi. Alipofika geti la jirani akageuka. "Nikalishie watu wazima," akasema. "Wenye vyeo na shughuli zao. Niwaone kwa macho yangu. Nikimwona hata mmoja aliyeshikwa kwelikweli, nitakipeleka kwa mchapaji. Nisipomwona, usinitafute tena."

Mheshimiwa mgeni rasmi, sasa unaelewa kwa nini kadi yako ya mwaliko ilisema "na shughuli nyingine fupi." Msoma Mita yuko hapa. Amesimama nyuma karibu na mlango, na daftari lake la kazi liko wazi. Bahasha yenye kitabu kile cha pili ninayo mimi; alinikabidhi mwenyewe. Na kwenye rafu tunayoifungua leo, ukitazama safu ya kati, kati ya vitabu vya watoto na vya watu wazima, utaona nafasi ya upana wa vidole viwili. Hatukukosea kupanga.

Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, naomba wote msimame. Asante, Mwalimu Mkuu. Asanteni, wazazi. Babu abaki amekaa, magoti yake yana ruhusa ya Kamati. Nawasihi msikae kwa huruma, atajua. Msikae kwa uchovu, na huo ataujua pia. Viti viko nyuma yenu; nimevihesabu mwenyewe leo asubuhi, mara tatu. Nasoma ukurasa wa kwanza.

"Nyumba ya kumi na saba haina mtu. Nimeigonga miaka mitatu. Rangi ya geti imebanduka, barua zimejaa chini ya mlango, na mti uliopandwa uani umeingia kupitia dirisha la jikoni. Kila mwezi naandika sifuri na kwenda zangu. Mwezi uliopita niliinama kuandika sifuri, nikakuta mita imesogea. Kidogo tu: maji ya kuoga mtu mmoja, asiyekuwa mkubwa. Nikajiambia ni bomba linavuja. Leo nimerudi. Nimewasha tochi, nimefungua kifuniko, na mshale unazunguka mbele ya macho yangu, polepole, kama mtu anayejaza birika bila haraka. Nikatazama barua. Hazijaguswa. Nikatazama kufuli. Lina kutu. Vumbi la kifuniko likanipanda puani, nikapiga chafya. Ndani ya nyumba, mtu akafunga bomba. Mshale ukasimama."

Ukurasa umekwisha.

Hapana, Mwalimu wa Hisabati, siendelei. Nimesema ukurasa mmoja. Mama mkunga, nimekusikia, na kwako pia siendelei.

Mheshimiwa mgeni rasmi, naona umekaa. Wazazi wa safu ya mbele wamekaa. Daktari wa meno amekaa juu ya mkoba wa mtu. Mwalimu Mkuu amesimama, lakini kiti amekishika kwa mikono miwili na sijui ni lini alikivuta. Nimefurahi. Lakini namtazama Msoma Mita, naye haandiki. Anawapitishia macho mmoja mmoja, na naujua uso huo. Ndio aliokuwa nao getini kwetu. Nilikosea kuwaambia mapema. Sasa hajui nani amekaa kwa ajili ya nyumba ya kumi na saba, na nani amekaa kwa ajili yake.

Ngojeni. Ameandika. Ameandika namba moja, na ananionyesha kidole kimoja. Mtu mmoja tu. Nani?

Geukeni, tafadhali, mtazame safu ya nne, pembeni. Babu yangu, mtu pekee katika ukumbi huu niliyemwambia abaki amekaa, amesimama. Hakuna fimbo mkononi. Sikio amelielekeza huku, mdomo uko wazi, na kwa sura yake hajui kabisa kwamba amesimama. Babu, ulisimama lini? Bomba lilipofungwa?

Kamati haina kanuni ya jambo hili. Hakuna aliyewahi kusimamishwa na kitabu. Lakini mita hii, kwa maneno ya mwenye kazi yake, haijachezewa. Na Msoma Mita amefunga daftari, anacheka, na anakuja huku mbele kuchukua bahasha yake aipeleke kwa mchapaji. Mpisheni njia.

Mheshimiwa, mkasi uko kwenye sinia, utepe unakusubiri. Nawashukuru walimu wangu walionifundisha kuandika vizuri, na aliyenifundisha kutazama kwanza kama kuna viti. Nawashukuru waandishi wote wenye boksi nyuma ya mlango. Tuleteeni, tutawaambia ukweli, safari hii ukweli kamili. Asanteni kwa kunisikiliza, mliokaa na aliyesimama.

Babu, sasa kaa.