Tundu la Kitovuni

Kijiwe chetu kipo nyuma ya soko, Morogoro mjini, pale Dominiko anapoziba pancha na Yunusi anapouza kahawa. Mwaka ule soko huria lilikuwa limeshafika hadi kwenye nyongo. Zamani daktari akikwambia lala, unalala. Sasa mgonjwa ni mteja, na mteja hupewa fomu. Jumanne moja fomu ya namna hiyo ililetwa na Mwinshehe, muuza mdalasini wa Kinole. Mkewe, Chausiku, alikuwa na mawe kwenye mfuko wa nyongo, na kesho yake hospitali moja ya binafsi Dar ingeutoa. Mteja achague: matundu manne madogo tumboni, au tundu moja tu, kitovuni. Basi lao lilikuwa la saa nane mchana.

— Wanautoa wote? akauliza Stambuli, mstaafu wa idara ya mipango.

— Wote.

— Na yeye anabaki?

— Ndivyo walivyoandika.

Mwinshehe akatusomea kwamba kwanza tumbo hujazwa gesi liinuke, ndipo kamera ipite. Hapo hata waliokuwa wakipuliza kahawa waliacha. Dominiko akaweka chini tairi, akataka kujua valvu inakaa wapi. Halafu akatoa hukumu: matundu manne ni pancha nne, na haba na haba hujaza kibaba; bora moja. Akashauri mgonjwa akirudi asisogee karibu na jiko la mkaa mwezi mzima.

— Kidole kimoja hakivunji chawa, Stambuli akapinga. Kamera, mkasi na koleo, vyote mlango mmoja? Ofisini kwetu faili moja tu lilipita milango saba.

— Na lilitoka?

— Hilo ni suala la utekelezaji.

Yunusi, naye mtu wa Kinole, akaweka birika lake chini.

— Mwinshehe, kitovu hicho cha nani?

Kule milimani kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, kitovu chake huzikwa upande huo, na mwenye kauli ni mjomba. Mume ni mgeni anayelishwa vizuri.

— Umeshaweka alama? akauliza tena Yunusi.

Mwinshehe akakunjua fomu taratibu. Alama ilikuwepo, ya wino, kwenye tundu moja.

— Nilitaka kovu lisionekane.

— Lisionwe na nani, shemeji?

Mwinshehe akanywa kikombe kilichokwisha zamani. Stambuli alikumbuka kesi ya mume aliyerudishwa kwao kwa kosa dogo kuliko hilo. Dominiko akauliza kama kitovu kinaweza kuhamishwa kwa muda.

Chausiku akatokea na mfuko wa safari, mkono umebana ubavu wa kulia.

— Shikamooni, wazee.

Tukaitikia kwa sauti ya watu waliokutwa na kitu cha wizi. Akachukua fomu, akaiona alama, akamtazama mumewe.

— Mjomba nimempigia alfajiri. Kasema kitovu ni cha ukoo, lakini maumivu ni yangu, nichague mwenyewe. Sasa niambieni. Huyo daktari wa tundu moja, ameshawatoa nyongo wangapi kwa njia hiyo?

Stambuli akavaa miwani. Tukaipekua fomu, kurasa tatu. Iliuliza dini, kabila, mjumbe wa nyumba kumi, na kama mteja anamiliki gari. Hilo la daktari haikuliuliza, wala haikulijibu.

— Hakuna kisanduku chake, akasema Mwinshehe.

Chausiku akaazima kalamu ya Dominiko ya kuwekea alama pancha. Akaikata alama ya mumewe, akaandika swali lake pembeni kwa herufi kubwa.

— Akinijibu, ndipo nitachagua.

Akaondoka. Mwinshehe akabeba mfuko, akamfuata hatua mbili nyuma.

Stambuli alisema fomu iliyoandikwa pembeni haipokelewi popote. Akaingiza mkono chini ya shati, kwenye kovu lake la ngiri, ambalo amelionyesha kijiweni kila Idi.

— Mimi daktari wangu, akasema, hata jina sikumuuliza.

Yunusi akainamisha birika. Yakatoka machicha ya kahawa tu.