Kamba Ambayo Mzee Symphorien Hakuivuta

Padri, wazee, majirani wa Kasungami, na ninyi nyote mliokesha nasi kilioni: tunayemrudisha udongoni leo ni Symphorien Kilufya Mwape. Alizaliwa Mitwaba tarehe 14 Machi 1953, mtoto wa kwanza wa mfanyakazi wa reli. Kwa babu yake mwindaji alijifunza kwamba watu hawaingii porini wakiwa na kinyongo. Kila mmoja husema lake kwanza mbele ya wenzake, ndipo safari huanza.

Alisoma kwa mapadri huko Mitwaba, kisha mwaka 1968 akaletwa Lubumbashi kujifunza umekanika. Siku ya Pasaka padri alimfukuza misani kwa mikono yake myeusi ya grisi. Alinawa, akarudi, bado myeusi. Akafukuzwa tena, akarudi tena. Mwishowe padri alichoka, akamkomunisha hivyo hivyo.

Alifanya kazi katika karakana ya reli tangu 1974 hadi 1996. Alipoacha alinunua trekta kuukuu, akalima Kasungami pamoja na mdogo wake Rigobert. Trekta hilo huwashwa na injini ndogo ya petroli, inayovutwa kwa kamba. Hiyo ndogo huizungusha ile kubwa ya mazutu, yaani dizeli, mpaka iamke.

Tarehe 8 Septemba 1979 alimwoa Brigitte Ngalula, binti wa Kikasai. Pande zote mbili zilinung'unika, na hata mbuzi wa mahari alitafuna koti la mshenga. Wanung'unikaji walichoka. Ndoa ikadumu miaka arobaini na mitano.

Mwaka jana ile injini ndogo ilichakaa, ikawa inakunywa oili na kutapika moshi. Rigobert alitaka iondolewe, wafunge démarreur, yaani stata ya batri. Symphorien alikataa, na kichwa chake kilikuwa kigumu kweli. Akaenda Mokambo kutafuta ringi za pistoni. Aliporudi nazo mfukoni, alikuta pale pa injini pana tundu tupu: Rigobert alikuwa ameing'oa na kuwapa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mbele ya majirani, Symphorien alimwita ndugu yake mwizi. Rigobert alifunga virago, akahamia Mokambo.

Démarreur ilifungwa, ikashindwa na uzito wa injini kubwa. Basi Symphorien aling'oa injini nyingine kama ile kwenye trekta lililokufa karibu na Mitwaba. Kiangazi chote cha mwaka huu alichonga silinda, akafunga pistoni mpya na zile ringi za Mokambo. Mwezi wa Septemba ilikuwa tayari. Brigitte alimpa kamba; yeye akaitundika kwenye msumari.

“Na kinyongo mu lupango, hii motere haitalamuka,” alisema, akiuonyesha ua wake na injini ile. “Rigobert aseme ya kwake, na miye niseme ya kwangu. Kisha tutavuta.”

Rigobert aliitwa. Alijibu kwamba hawezi kwenda kutubu mbele ya chuma. Wahenga walisema ndugu wakigombana uchukue jembe ukalime, lakini safari hii mvua ilinyesha na shamba likabaki na nyasi. Iliuma kumwona mzee akikaa kando ya trekta zima, akitazama barabara.

Miguu yake ilianza kuvimba. Daktari akasema ni moyo. Alifariki hospitalini alfajiri ya Alhamisi, tarehe 24 Oktoba 2024. Rigobert alifika siku hiyo hiyo jioni. Alipita watu wote, akaenda kusimama mbele ya trekta.

“Yaya, mkubwa wangu, nilitoa kitu yako bila kukuuliza. Nilikukosea,” alisema. “Miye nimesema ya kwangu. Ya kwako nani atanisemea?”

Brigitte alisimama mkekani.

“Aliniachia ya kusema, shemeji. Alikuita mwizi mbele ya bantu, na ulikuwa ndugu yake. Hiyo ndiyo ilimuua, si moyo.”

Kwa hiyo yote yamesemwa, yamechelewa. Udongo haulimwi marehemu akiwa hajazikwa. Tukitoka hapa makaburini tutakwenda Kasungami, na Rigobert ndiye atakayeivuta kamba ile. Kama injini itaamka, hakuna ajuaye. Aliyeifunga hakuwahi kuisikia.

Ameacha mjane, Brigitte, watoto watatu, Franck, Benita na Syntiche, wajukuu saba, na mdogo wake mmoja, Rigobert.

Mzee, mikono yako Mungu aipokee hivyo hivyo ilivyo. Pumzika kwa amani.